Shajara ya V8: kutoka Industrial Area hadi Magadi

Jumamosi, 8 Februari 2025

Limefika saa nne asubuhi juu ya bredauni, limefunikwa vumbi na maua makavu ya jakaranda. Mercedes-Benz C63 AMG ya mwaka 2009, rangi ya fedha, usukani kulia. Liliingia Kenya kutoka Uingereza mwaka 2016, na huo ndio uliokuwa mwaka wake wa mwisho kukubalika kwa sheria ya gari lisizidi miaka minane. Limekaa miaka mitatu uani kwa mwenyewe. Tairi zote nne hazina upepo. Tulilisukuma watu watano hadi ndani ya gereji, na kabla ya yote nikainua boneti nitazame tu.

Siku sita za juma kazi yangu ni Probox, Noah na matatu, na ninazipenda kwa sababu zinanilisha. Lakini injini hii nimeisoma kwa miaka mingi kabla sijaigusa. Inaitwa M156. Ndiyo injini ya kwanza ambayo AMG waliibuni wenyewe tangu mwanzo, badala ya kuchukua injini ya Mercedes na kuiongezea nguvu. Silinda nane kwa umbo la V, sentimita za ujazo 6,208, nguvu za farasi 457 kwenye mizunguko 6,800 kwa dakika, na haina turbo hata moja. Ubavuni mwa gari wameandika 6.3 ingawa hesabu haifiki hapo, kwa heshima ya ile 300 SEL 6.3 ya mwaka 1968. Kila injini hufungwa na fundi mmoja pale Affalterbach, Ujerumani, kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho, kisha anaweka kibao chenye sahihi yake juu ya injini. Kibao cha hii bado kipo. Nimekifuta kwa kitambaa kabla ya kufuta kitu kingine chochote.

Kwenye kasha la dashibodi nimekuta kitabu cha sevisi. Mihuri sita ya Uingereza, tarehe na maili zimejazwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko tofauti kila mara lakini hakuna pengo. Muhuri wa mwisho ni wa maili 44,702. Dashibodi inasoma maili 73,580. Yaani gari limetembea karibu maili elfu ishirini na tisa mikononi mwetu hapa Nairobi na hakuna aliyeandika neno moja: oili gani iliwekwa, nani alifungua nini, lini. Mwenyewe aliniambia lilianza kula maji, akalipeleka gereji tatu, ya tatu ikamwambia atafute injini nyingine. Akakata tamaa, akaniuzia.

Gari za namna hii zikifa hapa mjini watu husema ni laini, haziwezi barabara zetu. Sikubali. Hufa kwa sababu fundi wa nne hajui fundi wa kwanza alifanya nini. Hiyo ndiyo sababu naandika shajara hii, na nitaandika hata siku ambazo kazi imekwenda vibaya.

Jumamosi, 15 Februari

Mzee amekuja. Ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye alijifunzia kwenye zile Mercedes W123 zilizokuwa zimejaa mjini miaka ya themanini, na ingawa ameshastaafu, nikimwambia kuna Mercedes wazi haniulizi mara mbili.

Hakugusa spana. Alifungua kifuniko cha tangi la maji, akakinusa, akaangalia chini ya gari kwa tochi, akasimama. "Kijana wangu, maji hayapai mbinguni. Yanapita mahali. Tuyafuate."

Tukapampu mfumo wa maji hadi baa 1.4 tukauacha, tukanywa chai. Baada ya dakika ishirini kipimo kilikuwa 1.1, na sakafuni hapakuwa na tone. Basi yanaingia ndani. Tukatoa plagi zote nane tukazipanga mezani kwa namba. Saba zilikuwa na ile rangi ya kahawia inayofifia ya plagi iliyofanya kazi yake. Ya silinda namba 3 ilikuwa nyeupe, safi kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Kamera ndogo ilipoingia kwenye tundu lake tukaona kichwa cha pistoni kinang'aa chuma kitupu, wakati wenzake wamevaa masizi. Maji yakiingia kwenye silinda inayowaka hugeuka mvuke, na mvuke huchubua masizi yote. Oili haijageuka maziwa, nashukuru Mungu kwa hilo.

Tulimwaga oili kidogo kwenye kila silinda tukaiacha ipenye. Kisha nikaweka sokiti kwenye bolti ya krenkishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, nikasukuma polepole kwa mikono. Ilizunguka. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Jumapili, 16 Februari

Nimerudi peke yangu kupima kompresheni, yaani presha ya hewa pistoni inapoibana ndani ya silinda. Kabla ya namba zenyewe kuna jambo ambalo mafundi wengi hapa wanalipita, na nahisi ndilo lililoihukumu injini hii kifo.

Nairobi iko juu. Katikati ya mji ni kama mita 1,795 kutoka usawa wa bahari. Mombasa hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Hapa ni 82 au 83. Pistoni ikishuka kuvuta hewa, inavuta hewa nyepesi, kwa hiyo hata injini mpya kabisa itakuonyesha kompresheni ya chini kuliko ile ya kwenye kitabu kwa karibu moja ya tano. Fundi akichukua namba iliyopimwa Ujerumani akailinganisha na geji yake Industrial Area, atasema silinda zote nane zimekwisha. Hazijakwisha. Cha kuangalia ni kama zinalingana.

Zangu saba ziko kati ya baa 10.2 na 10.6. Namba 3 ni 8.9. Nikaingiza hewa ya kompresa kwenye namba 3, valvu zikiwa zimefungwa, na kwenye tangi la maji mapovu yakaanza kupanda moja moja. Nilikaa nikiyatazama kwa muda. Silinda saba zenye afya, na gari zima liliambiwa litafute injini nyingine.

Jumamosi, 1 Machi

Leo tumefungua upande wa kulia, silinda 1 hadi 4. Kwenye injini hii bolti za hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda, ziko chini ya kamshafti, ile mihimili yenye pua zinazosukuma valvu, kwa hiyo huwezi hata kuziona mpaka mnyororo umefungwa alama na kamshafti zote mbili zimetoka. Kazi ya asubuhi nzima.

Bolti ya kwanza tuliyoigusa haikuhitaji spana. Mzee alishusha sumaku, ikapanda na kichwa cha bolti kikiwa kimekatika safi shingoni. Ya pili, jirani yake, vilevile. Tulitazamana bila kusema kitu. Nimesoma kuhusu ugonjwa huu mara nyingi, ila kuushika mkononi ni jambo jingine.

Ni hivi: injini za M156 za miaka ya mwanzo, hadi kama mwaka 2010, zilifungwa bolti ambazo madini yake hayakuvumilia. Bolti ya hedi huishi imevutwa kama kamba ya upinde, maisha yake yote. Chuma kilichovutwa hivyo kikishambuliwa na kutu, ufa huanza padogo pasipoonekana, na siku moja kichwa kinaruka. Hakuna kishindo wala taa ya onyo. Hedi inapunguza kukaza mahali hapo, gasketi iliyobanwa kati ya hedi na bloku inaanza kupitisha maji, na dereva anaona tu kwamba kila wiki anaongeza nusu lita. Kiwandani walikuja kubadilisha madini ya bolti, na injini za baadaye hazina shida hii.

Na hapa kwetu juu maji huchemka mapema. Sufuria ya chai Nairobi inachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mfumo wa maji wa gari una presha, ndiyo, lakini presha hiyo inaanzia kwenye hewa yetu nyepesi. Gari lililopungukiwa maji kwenye foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni halina akiba ya joto kama lililo pwani.

Kamshafti za upande huu zina mikwaruzo kwenye pua mbili, na tapeti, vile vikombe vidogo vilivyo kati ya pua na valvu, zimelika katikati. Huu nao ni ugonjwa unaojulikana. Nilitaka kubadilisha nane zilizoonekana mbaya. Mzee akakataa kabisa. "Ziko thelathini na mbili. Ukibadilisha nane, ishirini na nne zitakuita tena, na utakuwa umeshalipa gasketi mara mbili." Nilibishana naye kwa sababu ya bei, na bei ni kubwa kwelikweli. Usiku nikapiga hesabu ya kufungua injini mara ya pili. Nitaagiza thelathini na mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Hedi zote mbili ziko chini. Upande wa kushoto bolti zote nzima, ila zitakwenda zote, hakuna hata moja itakayorudi.

Mashina ya zile mbili zilizokatika yalinisumbua usingizi wiki nzima, nikiwaza kuchimba kwa drili ndani ya bloku ya alumini. Hayakuhitaji. Hedi ikishaondoka shina halina tena kinacholivuta, na lilikuwa limesimama juu ya bloku vya kutosha. Nilitia mafuta penye nyuzi, nikalibana shina kwa plaizi ya kujifunga, nikaligeuza. Yote mawili yalitoka taratibu.

Ndani ya silinda namba 3 kulikuwa na mstari mwembamba wa kutu mahali maji yalipolala. Uliondoka kwa kitambaa na oili, na kucha haikwami nikiipitisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimezunguka Kirinyaga Road yote, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Duka moja lilinipa bolti za hedi ndani ya boksi lenye nyota ya Mercedes, nikalipa. Nimefika gereji nikazilaza kando ya za zamani: nyuzi zake fupi, maandishi ya kichwani yamefifia kama yaliyopigwa kwa mkono, na mbili kati yake hazilingani urefu. Nimerudi, muuzaji amekataa kunirudishia pesa. Imeniuma sana. Si pesa tu. Mtu mwingine atazinunua hizo na kuzifunga, na miezi sita baadaye atasema Mercedes ni gari bovu.

Bolti za toleo jipya, gasketi na tapeti nimeagiza Ujerumani. Kusubiri.

Jumatano, 26 Machi

Nilipeleka hedi kwa watu wa mashine zikaguliwe. Wakataka kuzichonga hapohapo kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwa kila hedi inayoletwa. Niliomba rula ya chuma na geji ya vipande, tukapima pamoja, kona kwa kona na katikati. Kipande cha milimita 0.05 hakikupita mahali popote. Basi hedi iko sawa, na hedi iliyo sawa haichongwi. Ukiichonga, unaisogeza karibu na krenkishafti, kompresheni inapanda kwenye injini ambayo tayari iko 11.3 kwa 1, na majira ya kamshafti yanahama kwa sababu mnyororo umebaki na urefu uleule. Nimelipa kuoshwa na kusagwa valvu tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Maji yameingia gereji mara mbili mwezi huu. Kila jioni tunapandisha hedi na kamshafti juu ya meza na kufunika bloku kwa nailoni. Vipuri vimefika Alhamisi, vyote, na bolti zinafanana kama watoto pacha.

Jumamosi, 3 Mei

Siku ndefu na nzuri. Nitaeleza kukaza bolti peke yake, kwa sababu ndipo injini nyingi zinapoharibiwa na watu wenye nguvu nyingi.

Kwanza matundu. Bloku ilikuwa na maji na oili chini ya kila tundu la bolti. Ukifunga bolti juu ya maji, maji hayabanwi. Kitakachopasuka ni bloku. Nilikausha kila tundu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, kisha hewa, kisha nikamulika tochi, kisha Mzee akarudia yote kana kwamba sikufanya.

Bolti hizi hazikazwi kwa toki, yaani kwa kupima nguvu ya kukaza, mpaka mwisho. Unaanza na toki ndogo ya kuzilaza zote, kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, kisha unaacha geji ya toki na kugeuza kwa digrii, hatua kwa hatua. Sababu ni kwamba toki inadanganywa na msuguano: nyuzi ikiwa kavu kidogo, spana inasema imefika na bolti haijavutika. Pembe haidanganywi, ukigeuza robo mzunguko bolti imevutika kiasi kilekile. Inavutika hadi kuanza kurefuka kwa kudumu, ndiyo maana ikitolewa haitumiki tena. Mikononi unaihisi. Mwanzo inapinga zaidi na zaidi, halafu mwishoni inageuka kwa uzito uleule, tulivu. Mzee aliniachia nikaze zote mwenyewe. Alisimama nyuma akisoma namba kwa sauti, na mimi nikatia alama ya rangi kwenye kila moja.

Jumamosi, 17 Mei

Oili mpya, lita nane na nusu hivi. Tulitoa fyuzi ya pampu ya mafuta na koili zote, tukazungusha kwa stata mpaka presha ya oili ikapanda, tukapumzika, tukarudia. Kisha tukarudisha kila kitu. Vijana wa gereji za jirani walikuwa wamejaa mlangoni.

Iliwaka kwa mara ya pili. Tapeti zikapiga kelele kwa kama nusu dakika mpaka zikajaa oili, halafu kimya, na chini ya kimya hicho ule mngurumo. Sauti ile ina sababu yake. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-4-2-6-3-7-8, silinda 1 hadi 4 zikiwa kulia na 5 hadi 8 kushoto. Ukiufuata utaona 4 na 2 zinawaka mfululizo upande mmoja, na 7 na 8 mfululizo upande wa pili. Ekzosi inapokea mapigo yasiyolingana, kama ngoma inayoruka pigo na kulirudisha. Mzee alishika kifua akasema tu, "Eeh." Nilikuwa na machozi na sikuyaficha.

Miundo iliyofuata ilipewa V8 ndogo zaidi ya lita 4 yenye turbo mbili, na C63 iliyotangazwa mwaka 2022 ina silinda nne na mota ya umeme. Ina nguvu za farasi 680, zaidi sana ya hii. Sina neno baya juu yake. Lakini injini kubwa hivi inayovuta pumzi yake mwenyewe haitengenezwi tena na AMG kwa gari za barabarani, kwa hiyo kila moja iliyozimwa Nairobi kwa sababu ya bolti mbili ni hasara isiyorudi.

Jumamosi, 31 Mei

Magadi.

Nilitaka kuona hewa kwa macho. Nilichomeka skana, nikamwomba Mzee asome presha ya hewa na joto la hewa inayoingia. Gereji: kilopaskali 83. Tulipopita Kiserian na kufika Kona Baridi, upepo ukipiga, ilikuwa imeshuka hadi 80, na gari lilikuwa zito kidogo kwenye mlima, nadhani nguvu kama 365 kati ya zile 457. Kisha Bonde la Ufa likafunguka mbele na barabara ikaanza kuteremka. Olepolos 84. Olorgesailie, pale kwenye mashoka ya mawe ya watu wa kale, 90. Mzee alisoma kila namba kama anayesoma kilomita za kufika nyumbani. Karibu na ziwa, mita kama 600 tu kutoka usawa wa bahari, 94.

Joto nalo lilikuwa limepanda hadi nyuzi 36, na hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo faida yote ya presha hatukuipata. Nimepiga hesabu, inabaki nyongeza ya nguvu ya kama sehemu moja ya kumi. Inatosha kuihisi. Kwenye kipande kilichonyooka, barabara tupu, nilikanyaga kutoka gia ya tatu nikabaki ndani ya sheria, na gari likavuta kwa namna ambayo halijawahi kuvuta tangu liwe langu. Geji ya maji ilikaa palepale kuanzia chini hadi tuliporudi juu Kona Baridi. Tulisimama tukapoesha gari na kununua mahindi ya kuchoma. Tangi la maji: kiwango kilekile cha asubuhi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwaga oili ya kwanza baada ya maili 640. Nimekata filta, nimekunjua karatasi yake yote juani na kupitisha sumaku. Masizi kidogo ya kazi ya tapeti mpya, hakuna chuma chenye kung'aa. Maji hayajaongezwa hata tone.

Maili 74,220. Nimejaza ukurasa ulioachwa mtupu kwenye kitabu cha sevisi, kwa kalamu ya bluu: tarehe, aina ya oili, bolti zote za hedi, gasketi mbili, tapeti thelathini na mbili, kamshafti moja, na jina la gereji. Chini yake Mzee ametia sahihi.

Raba ya propela shafti ya mbele imeanza kupasuka nyufa ndogo. Ndiyo kazi ya Jumamosi ijayo.